Mwaka Aliopiga Kama Hapigi

Mdogo wangu alipiga dramu kwa mkono wa kushoto, tena kwa sauti ndogo, na mambo hayo mawili yalimletea maneno maisha yake yote. Maneno ya mkono yalitoka kwa watu wengine. Ya sauti yalitoka kwangu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla hajasikia habari yenyewe.

Kuna jambo moja nilitaka kulijua kutoka kwake, na nilichukua wiki saba kupata ujasiri wa kumuuliza. Mwaka ule mzima niliokuwa nampigia makofi, alijua kwamba mkono wake unakufa? Kama hakujua, basi mimi ni dada aliyekosa macho, na kwa hilo ningejilaumu nikaendelea kuishi. Lakini kama alijua akaninyamazia, sikuona ningeliweka wapi jambo hilo.

Tulimwita Shoto. Jina alilopewa na wazazi wetu lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kazi yake ilikuwa unyozi. Kiti chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, katika chumba chembamba chenye vioo vinavyotazamana, na mteja mgeni aliyemwona akishika wembe kwa mkono wa kushoto alikaza shingo mpaka mishipa ikamsimama. Dakika tano baadaye mteja huyohuyo alikuwa anakoroma. Nimeona kwa macho yangu watu wazima wenye vyeo vyao wakiamshwa kwenye kile kiti kwa kupigwapigwa bega, wakatoka nje wanajipapasa mashavu kama hawaamini kwamba ndevu zimekwenda.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mwimbaji. Sauti yangu si mbaya, ila ni ndogo. Inafaa chumba chenye mapazia. Kabla ya Shoto kuingia kwenye bendi nilishapitia wapiga dramu watatu, na wote watatu walinifunika mpaka watu wa mbele wakawa wanasoma midomo yangu. Kiongozi wa bendi yetu, ambaye mchana anachomelea mageti na jioni anapuliza tarumbeta, aliwahi kuniambia nitafute kazi ya kuimbia watoto walale. Sikuongea naye kwa mwezi mzima.

Shoto alipoingia alikuwa na miaka kumi na tisa, na alipiga kama vijana wote wanavyopiga, utadhani amekalia siafu. Tukirudi nyumbani baada ya dansi lake la kwanza nilimwambia, "Ukinifunika tena nakuja huko nyuma nang'oa hivyo vitu kimoja kimoja."

"Sasa dada, dramu si lazima zisikike?"

"Zisikike kwa nani? Mimi ndiye nimesimama mbele."

Alicheka. Lakini alisikia. Alikuwa mtu wa kusikia.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu saba, bendi ya alasiri. Tulipiga kwenye harusi, kwenye sherehe za kustaafu, na kila Jumapili kuanzia saa tisa katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa posta, ukumbi wenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa na viti vya chuma vinavyolia vikivutwa. Mkono wa Shoto ulitupa shida tangu mwanzo. Mtu wa kulia huweka zile sahani mbili zinazofungwa kwa kanyagio upande wake wa kushoto, na ngoma nene ya miguu mitatu upande wa kulia. Shoto aligeuza kila kitu, kama unavyojiona kwenye kioo. Mpiga gitaa akalazimika kuhama, waya za maiki zikawa fupi, na tukishiriki jukwaa na bendi nyingine ilikuwa vurugu, kwa sababu mpiga dramu wao alikaa, akanyoosha mkono kwenye sahani, akakuta hewa. Matusi aliyotukanwa mdogo wangu kwa ajili ya kugeuza dramu yangejaza daftari. Yeye aliinuka, akaanza kuzigeuza tena taratibu, anapiga mluzi.

Mimi nilisimama karibu na zile sahani mbili. Mkono wake wa kushoto ulivuka juu ya ule wa kulia na kuzigusa kwa brashi za waya, sauti kama ya mtu anayesugua viganja wakati wa baridi, na mimi niliingia juu ya sauti hiyo. Aliweka kitambaa juu ya ngoma ndogo. Alilegeza ngozi ya ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Kila mwaka aliondoa kitu: leo pigo la pili halipo, kesho zile mbwembwe za kufungia wimbo hazipo, na wachezaji wasijue kilichopungua, wao waone tu kwamba miguu imekuwa myepesi. Wapiga dramu wenzake walikuja kumtazama, wakakunja nyuso, wakaondoka wakisema huyu analipwa bure.

Na kila alipojisahau akanizidi, niligeuka nikamtazama. Miaka ishirini na miwili nilimfanyia hivyo, katikati ya wimbo, mbele ya watu. Wenzetu walikuwa wanasema dada akigeuka, bomba limefungwa. Bendi nzima iliniita dada kwa sababu yeye aliniita hivyo, hata Kiongozi anayenizidi umri.

Mwaka wenyewe ninaousema ulianza mwezi wa pili. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, watu wachache, joto. Tulipofika wimbo wa tatu niligundua kwamba najisikia. Simaanishi kujisikia vizuri, namaanisha sauti yangu ilikuwa inatoka mdomoni na kunirudia masikioni nzima, haijakwaruzwa. Brashi zilikuwepo, lakini kwa mbali, kama mtu anafagia chumba cha jirani. Tulipopumzika nilimfuata nyuma ya jukwaa, alipokuwa anakunywa maji.

"Shoto, leo umefanya nini?"

"Kwani nimekosea?"

"Umekosea nini wewe! Nimejisikia mpaka puani. Hapo ulipofika, kaa hapohapo. Usitoke."

Alitazama mkono wake, akautazama tena, akaufutia kwenye suruali. "Sawa, dada," akasema. "Nitakaa hapo."

Nilifurahi siku ile kuliko ninavyoweza kueleza. Nilirudi nyumbani nikashona mpaka nikasahau kula. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nasukuma mlango, na sasa umefunguka wenyewe.

Alikaa hapo kweli. Mwezi wa tatu na wa nne alizidi kushuka. Ikafika mahali watu wa ukumbini waliacha kucheza wakasimama tu kusikiliza, jambo ambalo halijawahi kututokea, maana sisi ni bendi ya kuchezesha. Mzee mmoja aliyestaafu posta alimwambia Kiongozi kwamba mpiga dramu wetu anapiga kama hapigi, na Kiongozi akalishika neno lile akalitembeza mji mzima kama lake.

Dalili zilikuwepo. Sitaki kusema hazikuwepo. Kwenye sherehe moja ya kustaafu, brashi ilimtoka mkononi ikaruka mpaka miguuni mwa mpiga besi. Shoto akasema imekimbia njaa, tukacheka sote. Siku nyingine mteja wangu, jirani yake pale kinyozini, alikuja nimpime suruali, akaniambia, "Nduguyo siku hizi wembe hashiki. Kamwachia mwenzake. Yeye ni mashine tu, tena kwa mkono wa kulia."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilimjibu nazo hivyohivyo kwamba mtu akifika arobaini na moja anaanza kuogopa wembe, nikamwambia asimame wima.

Halafu ikaja Jumapili ya dramu zilizogeuzwa. Nilifika ukumbini saa nane na nusu nikakuta zimepangwa upande wa kulia, kama za watu wote. Nilipandisha sauti nikidhani kuna mtu wa bendi nyingine amezigusa.

"Nani kachezea dramu za watu?"

"Mimi," Shoto akasema. Alikuwa amekaa nyuma ya zile dramu, anajaribu kanyagio. "Nimechoka na upande mmoja. Nataka nione na huku kukoje."

"Miaka yote hiyo ndiyo leo unataka kuona?"

"Leo ndiyo nafasi nimepata, dada."

Alipiga alasiri nzima kwa upande usio wake. Kulikuwa na makosa mawili matatu ambayo mimi niliyasikia na wengine hawakuyasikia, ila sauti ilikuwa ileile ya chini, laini, na mimi nilichotaka ni hicho. Kiongozi alimpiga mgongoni akamwambia, "Kumbe unaweza kupiga kama binadamu!" Nikasema hata apige kwa miguu, mradi asipande. Nililisema hilo nikicheka, na mpaka leo nikilikumbuka nasimama ghafla popote nilipo.

Mwezi wa sita bendi ilitimiza miaka ishirini na mitano. Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi uleule, lakini safari hii na maua na viti vilivyofunikwa vitambaa. Nilishona mavazi saba ya rangi ya zambarau iliyoiva, na la Shoto nililitanua kwenye kwapa la kushoto kama kawaida, apate nafasi ya kuvusha mkono. Tuliimba nyimbo kumi na moja. Kabla ya ule wa mwisho nilichukua maiki, jambo ambalo silifanyi, mimi si mtu wa hotuba, nikawaambia watu, "Mnamwona yule aliyejificha nyuma? Nimegombana naye miaka ishirini na miwili apunguze. Mwaka huu amenisikia. Mkisikia mimi naimba, jueni ni yeye amenipisha."

Watu walisimama. Makofi yalikuwa marefu. Shoto naye alisimama, akainua mkono wa kulia, akakaa haraka. Nikasema moyoni, mdogo wangu na haya zake.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano asubuhi, alianguka kinyozini, kati ya vile vioo viwili, mashine bado inanguruma mkononi.

Tulikuwa watatu mbele ya daktari: wifi yangu, Kiongozi, na mimi. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye kalamu sikioni. Alituonyesha picha ya kichwa cha Shoto kwenye kioo chenye taa, akatuelekeza kwa kidole. Kulikuwa na uvimbe upande wa kulia wa ubongo, alisema, na upande huo ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Umekua taratibu, kwa muda mrefu.

"Hakuwahi kulalamika kwamba mkono hauna nguvu?" akauliza. "Vitu kumdondoka? Kazi zake za mkono kuzorota?"

Kiongozi alinitazama. Mimi nilitazama ile picha.

"Hapana, daktari," Kiongozi akasema. "Kwa kweli mwaka huu alikuwa anapiga vizuri kuliko zamani."

Daktari hakuelewa anapiga nini, na hakuna aliyemweleza. Alisema tu kwamba miezi mitano au sita nyuma pangekuwa na la kufanya, wangeweza kumpasua, lakini sasa umeingia pasipoingilika. Nilimjia juu. Nilimwambia yeye ni mtoto, hajui anachosema, miezi sita nyuma mdogo wangu alikuwa mzima, amesimama mbele ya watu mia tatu wakampigia makofi. Nilisema mengine ambayo siyarudii. Aliniacha mpaka nikamaliza, akanisogezea kiti. Wifi yangu hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ameshika begi lake kwa mikono miwili, anaangalia sakafu.

Njiani kurudi nilihesabu kwa vidole. Miezi mitano nyuma ilikuwa mwezi wa sita.

Siku ile ndipo nilipoelewa kosa letu, na ni kosa ambalo bendi nyingine isingeweza kulifanya. Bendi nyingine yoyote, mpiga dramu akianza kulegea, wangejua ndani ya wiki moja, wangemfokea, wangempeleka hospitali au wangemfukuza. Sisi tulikuwa tumefundishwa kupenda kulegea. Mimi ndiye niliyewafundisha. Mtu wetu alikuwa anaishiwa nguvu mbele yetu, wimbo baada ya wimbo, na sisi tulisema ameiva.

Walimrudisha nyumbani. Wifi aliweka kitanda karibu na dirisha la sebuleni, watoto wakahamishia madaftari yao chumbani. Nilikwenda kila asubuhi na kapu langu la kazi za mkono, pindo na vifungo, nikakaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto. Mkono ulikuwa juu ya shuka, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo. Wifi alikuwa anaunyoosha kila siku kwa mafuta. Mimi nilizungumza juu ya kila kitu duniani. Nilimweleza nani kaoa, nani kaharibu kitambaa changu, Kiongozi kapewa kazi gani ya mageti. Kila nilipokaribia swali langu, wifi aliinuka kwenda kuchota maji, hata kama jagi limejaa. Na kila alipoinuka nilipata woga, nikarudi kwenye vifungo.

Wiki ya saba, wifi alikwenda kuchukua dawa. Tulibaki wawili. Maneno ya Shoto yalikuwa yameanza kuburuza, lakini akili yake ilikuwa palepale.

"Uliza, dada," akasema.

"Niulize nini?"

"Hilo ulilolimeza. Pindo hilo umelishona mara tatu leo, mwenye suruali atadhani ana adui."

Niliweka sindano chini. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Usinichezee, Shoto."

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo, na nilimwona mdogo wangu anamsikiliza, kwa mazoea.

"Mwezi wa tatu," akasema. "Brashi ilinitoka naiangalia. Nimeishika kabisa, naiona, inatoka. Hapo nikajua si uchovu."

"Ukaniambia imekimbia njaa."

"Mlicheka lakini."

"Shoto!"

"Nilikwenda hospitali, dada. Usinipandishie. Nilikwenda mara mbili, wifi yako alinipeleka. Wakataka kunipiga picha ya kichwa. Mashine ni moja, watu ni wengi, ukipewa siku ni hiyo, ukiikosa unarudi mwisho wa mstari. Wakanipa siku."

Hakuhitaji kuitaja. Niliijua kabla hajafungua mdomo. Lakini nilimwacha aseme, kwa sababu nilistahili kuisikia.

"Jumamosi ile ya sherehe yetu," akasema. "Saa nne asubuhi. Na saa nne tulikuwa tunafunga spika."

"Ungeniambia tungeahirisha."

"Mngeahirisha?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa haraka, kama mtu mwenye uhakika. Nikakumbuka mavazi saba, maua, barua za mwaliko zilizokwisha kugawiwa, na nyimbo kumi na moja nilizokuwa nazifanyia mazoezi mbele ya cherehani tangu mwezi wa nne. "Tungeahirisha," nikasema. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto.

"Na baada ya hapo? Kwa nini hukusema baada ya hapo?"

"Walinipa siku nyingine. Mwezi wa kumi na moja, tarehe ishirini. Nilianguka tarehe nane." Alitaka kucheka ikawa kikohozi. Nilimnywesha maji. Alipopumua tena alisema, "Nikwambie kweli, dada? Miaka yote ile ulikuwa unanigeukia. Ukigeuka tu, nakuwa yule wa miaka kumi na tisa. Nimekuwa baba wa watoto watatu, bado nakuwa yule. Mwaka huu hukugeuka hata mara moja. Nilikuwa nahesabu. Jumapili ya kwanza, ya pili, mwezi mzima. Nikasema ngoja niionje hii kidogo. Mkono nitautibu."

"Ningegeuka ningeuona," nikasema.

"Ungeuona. Kuna nyimbo mkono ulikuwa umelala pajani tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa napiga kwa mmoja."

Nilishika ule mkono, ulikuwa na joto na mzito. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kwa maneno hayohayo, nisamehe, mdogo wangu, kwa maana nimeona watu wanazunguka na mwisho mtu anakufa hajaambiwa. Nililia mpaka kitambaa cha mtu nilichokuwa nakishona kikalowa.

Yeye alikuwa ameangalia dirishani. "Ulikuwa unaimba vizuri lakini," akasema. "Huo mwaka. Ulikuwa unaimba vizuri sana."

Mpaka leo sijui kama huko ndiko kusamehe.

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya mazungumzo hayo, alasiri, mkewe akiwa amemshika kichwa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikaitwa.

Baada ya maziko tulikusanyika katika ukumbi wa posta, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo na waliokuja walikuwa wengi. Walikuja wateja aliowanyoa, waliokuwa wakisinzia kwenye kile kiti. Walikuja hata wapiga dramu wa bendi nyingine, waliokuwa wakimtukana kwa kugeuza vyombo. Kiongozi alisimama mbele bila tarumbeta, hajui mikono aiweke wapi, akaanza kuzungumza. Alimsifu vizuri, sikatai. Alisimulia jinsi Shoto alivyoondoa pigo moja moja kila mwaka. Kisha akasema, "Lakini mwaka wake wa mwisho, ndugu zangu, ndio alifika. Mliokuwepo mnajua. Mtu anapiga, na wewe huoni anakopiga. Sijasikia kitu kama kile na sitakisikia tena. Dada yake yuko hapa, ndiye aliyesimama karibu naye kuliko sisi sote. Dada, tuambie."

Kichwani nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga usiku kucha. Nilikusudia kuwaambia kwamba hatukusikia ufundi wowote mwaka ule, tulimsikia mtu akiondoka, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Nilitaka waninyooshee kidole. Nilikuwa na hamu hiyo kama kiu.

Nilisimama. Wifi yangu alikuwa kwenye mstari wa mbele na watoto wake watatu, na wote wanne walikuwa wananitazama. Yule wa mwisho, mwenye miaka tisa, alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, mdomo wazi, anasubiri kusikia baba yake alikuwa fundi kiasi gani. Wifi alitikisa kichwa kidogo tu, mara moja, na machoni mwake niliona kwamba Shoto alikuwa amempa na yeye mzigo huu, aubebe bila kusema, na ameubeba tangu mwezi wa tatu.

"Ni kweli," nikasema. "Mwaka wa mwisho alipiga vizuri kuliko miaka yote."

Watu walipiga makofi, nami nilibaki nimesimama nikiyasikiliza mpaka yakaisha.